Mgeni wa Dini Ng'ambo ya Ruvuma: Funzo kwa Mwenye Silaha

Askari aliyekwisha kuhamishwa kutoka kambi moja hadi nyingine anaijua hali ya mtu anayefika mahali asipojulikana. Hushuka garini na mzigo wake, hajui kisima kiko wapi, hajui mzee wa kijiji ni nani, wala hajui ni neno gani hapo ni salamu na ni neno gani ni tusi. Lakini askari ana wenzake, ana amri iliyoandikwa, ana mshahara, na mwisho wa yote ana silaha. Yuko kijana mwingine ambaye naye hutumwa mbali na kwao, akafika na mzigo wake vivyo hivyo, lakini hana silaha wala kikosi. Huyo ni mmisionari.

Siku hizi mfano wake unaonekana wazi kwa vijana wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambao watu wengi huwaita Wamormoni. Hutembea wawili wawili, wamevaa mashati meupe na tai, na beji ya jina kifuani. Mvulana aweza kuanza kazi hiyo akiwa na umri wa miaka 18 tu na huitumikia kwa miaka miwili. Msichana huitumikia kwa miezi 18. Hakuna hata mmoja anayechagua mahali pa kwenda. Huletewa barua inayomwambia nchi atakayokwenda, na akiisha kufika huko huhamishwa tena kutoka mtaa mmoja hadi mwingine. Katika nchi jirani ya Msumbiji kanisa hilo lilianzisha makao ya misheni yake mjini Maputo mwaka 2005.

Maputo iko mbali sana na mto Ruvuma. Lakini jambo lenyewe, yaani kijana mgeni kuletwa na dini yake na kutakiwa aishi kati ya watu wasiomjua, si jipya hata kidogo katika mkoa wa Cabo Delgado ulio ng'ambo ya mto huo. Ukanda huo umewapokea wageni wa dini kwa zaidi ya miaka mia moja. Wako waliozikwa huko kwa heshima, wako waliofukuzwa, wako waliouawa, na wako waliowaua wenyeji wao. Katika makala haya tunakusudia kueleza kwa nini mambo yalikwenda hivyo, kwa kuwa kila mara jambo hilo lilipogeuka kuwa la damu, mtu mwenye silaha alihusika, ama kwa alilolitenda ama kwa alilokataa kulisikia.

NCHI YENYEWE NA LUGHA ZAKE

Pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado huanzia penye mlango wa Ruvuma. Kutoka hapo kwenda kusini mtu hukutana na Palma, kisha Mocímboa da Praia, kisha vijiji vya Macomia na Quissanga vinavyotazamana na visiwa vya Quirimba, kikiwamo kisiwa cha Ibo. Mbele zaidi ni Pemba, mji ambao wakati wa Wareno uliitwa Porto Amélia. Nyuma ya pwani hiyo nchi huinuka mpaka kwenye uwanda wa juu wa Mueda, nyumbani kwa Wamakonde, ndugu wa wale walioko Newala na Mtwara.

Mgeni anayefika hapo hukutana kwanza na wingi wa lugha. Kireno ni lugha ya serikali. Kwenye visiwa na katika miji ya pwani watu husema Kimwani. Upande wa Palma kuna Kimakwe na Kiswahili. Uwandani husemwa Kimakonde, na kusini na magharibi kuna Wamakua wengi. Tena watu wa pwani wengi wao ni Waislamu kwa karne nyingi, na Ukristo ulishika mizizi zaidi kule juu kwa Wamakonde. Kwa hiyo anayejua Kireno peke yake aweza kuzungumza na ofisa wa serikali asubuhi, lakini jioni akakaa bubu mbele ya mama anayemuuzia samaki.

Wahenga walisema kwamba mgeni ni kuku mweupe. Maana yake ni kuwa mgeni haonani na watu bila yeye mwenyewe kuonekana. Atokapo anaonekana, arudipo anaonekana, na anayemtembelea huhesabiwa. Mmisionari kijana hudhani kwamba yeye ndiye anayewachunguza wenyeji ili ajue namna ya kuwafundisha. Ukweli ni kwamba wenyeji ndio wanaomchunguza yeye, na swali lao la kwanza si kuhusu dini yake. Swali lao ni hili: mtu huyu ametumwa na nani, na akiona jambo kwetu humpelekea nani habari?

KIJANA WA MWEMBE

Swali hilo lilimpata mapema kijana mmoja Mwingereza aliyeitwa William Percival Johnson. Alifika Unguja mwaka 1876, akiwa na umri wa miaka 22, pamoja na mwenzake Chauncy Maples. Wote wawili walikuwa watu wa Misheni ya Vyuo Vikuu, ile ambayo Askofu Edward Steere aliiongoza kutoka Unguja. Mwaka huo huo Steere alikwenda bara kupitia Lindi pamoja na watu waliokombolewa utumwani, na kituo cha Masasi kikaanzishwa. Masasi ndiko Johnson alikojifunzia kazi.

Mwaka 1880 alivuka Ruvuma akaenda Mwembe, mji wa mtawala wa Wayao aliyejulikana kwa jina la Mataka. Mwembe iko bara, katika nchi ambayo sasa ni mkoa wa Niassa, magharibi ya Cabo Delgado. Lakini maisha yake yalifungwa na pwani, kwa maana misafara ya pembe na ya watumwa ilitoka hapo ikateremka baharini. Johnson alikaa huko kama mgeni wa Mataka. Hakuwa na bunduki za kumlinda; ulinzi wake ulikuwa ni ukarimu wa mwenyeji wake.

Katika mwaka 1881 msafara wa watumwa uliotoka kwa Mataka ulikamatwa na Waingereza huko pwani. Habari zilipofika Mwembe, watu waliwaza kwa njia iliyo rahisi kueleweka. Waliokamata msafara ni Waingereza, na katika mji wao alikuwamo Mwingereza. Basi nani mwingine aliyepeleka habari? Mali ya Johnson iliporwa naye akafukuzwa. Ushahidi haukutafutwa. Ilitosha kwamba mzungu wa dini na mzungu wa manowari walikuwa wa taifa moja.

Msomaji atambue kwamba kuzuia biashara ya watumwa kulikuwa ni jambo la haki, na hatuna nia ya kuwaonea huruma wafanyabiashara ya watu. Tunalolionyesha ni kwamba mgeni wa dini hulipa deni la mwenye silaha, hata kama hakulikopa. Johnson hakukata tamaa. Alihamia upande wa Ziwa Nyasa, akajifunza lugha ya watu wa huko, akaishi nao kwa zaidi ya miaka arobaini ingawa macho yake yaliharibika, akafa mwaka 1928 na kuzikwa Liuli. Kaburi lake liko katika ardhi ya Tanzania, na Wakristo wa ziwani wanaliheshimu hadi leo.

WAHOLANZI WA NANGOLOLO

Wakati huo pwani ya Cabo Delgado na bara yake ilikuwa bado haijatawaliwa na Wareno kwa nguvu. Mwaka 1891 waliikabidhi nchi hiyo kwa kampuni iliyoitwa Kampuni ya Niassa, ambayo ilitoza kodi na kuwafanyiza watu kazi za shuruti mpaka mkataba wake ulipokwisha mwaka 1929. Uwanda wa Wamakonde ulikuwa miongoni mwa sehemu za mwisho kutiishwa, nao ulitiishwa katika siku za Vita Kuu ya Kwanza.

Mara baada ya vita hiyo walikuja mapadre wa shirika la Monfort. Shirika hilo, lililopata jina lake kwa padre Mfaransa Louis-Marie Grignion de Montfort aliyefariki mwaka 1716, lilikuwa limekwisha kuingia nchi ya Nyasa, ambayo sasa ni Malawi, tangu mwaka 1901. Wengi wa mapadre waliofika kaskazini mwa Msumbiji walikuwa Waholanzi. Mwaka 1924 walianzisha misheni ya Nangololo, kwenye ukingo wa uwanda, katika nchi ya Muidumbe.

Mtu afikirie padre kijana kutoka Uholanzi, nchi ya maji na mifereji, akifika kwenye uwanda huo ambao shida yake kubwa ni maji. Vijiji vimejengwa juu, na maji yako chini mabondeni. Wanawake hushuka na kupanda nayo kichwani. Kila tone analooga mgeni limebebwa na mtu. Homa ya malaria haikumpa nafasi. Alitakiwa kujua Kireno kwa ajili ya serikali, Kimakonde kwa ajili ya watu, na Kiswahili kwa ajili ya njia za biashara na za kazi, kwani Wamakonde wengi walivuka Ruvuma kwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika, na waliporudi walirudi na Kiswahili chao.

Mithali yetu hunena kwamba mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe la padre lilikuwa ni shule na zahanati. Kwa njia hiyo alianza kuonekana kuwa mtu wa mahali, si mpita njia. Mwenye mtoto aliyefundishwa kusoma hapo, na mwenye mgonjwa aliyepewa dawa hapo, walikuwa na sababu ya kumtetea pindi mambo yakiharibika.

Walakini serikali ya Wareno nayo ilikuwa na shauri lake juu ya padre huyo. Mwaka 1940 Ureno ilitia saini mapatano na Baba Mtakatifu, na mwaka 1941 ikatoa sheria ya misheni. Misheni za Kikatoliki zilipewa kazi ya kuwafundisha Waafrika na zikasaidiwa na serikali. Masharti yake yalikuwa kwamba shuleni lugha iwe Kireno, na lugha za wenyeji ziruhusiwe katika mafundisho ya dini tu. Nao mapadre wa mataifa mengine wakubali kutii sheria na mahakama za Ureno. Kwa maneno mengine, Mholanzi wa Nangololo aliyetaka kubaki na kundi lake alilazimika kusimama chini ya bendera ambayo kundi lake liliichukia. Kuku mweupe akapakwa rangi ya serikali.

AGOSTI 1964

Chuki hiyo ilikuwa na sababu zake. Tarehe 16 Juni 1960 watu walikusanyika Mueda kuzungumza na wakuu wa serikali, na askari wa Kireno wakawafyatulia risasi. Vijana wengi walivuka Ruvuma. Tarehe 25 Juni 1962 chama cha FRELIMO kiliundwa mjini Dar es Salaam kwa kuunganisha vyama vitatu, kimojawapo kikiwa MANU, kilichokuwa na nguvu miongoni mwa Wamakonde. Wapiganaji wa FRELIMO walipata kambi Kongwa, na habari za kambi hiyo si ngeni kwa askari wetu.

Si kila mtu wa MANU aliyeridhika na muungano huo. Tarehe 24 Agosti 1964 kundi la watu waliotokana na mabaki ya chama hicho, ambalo halikuwa chini ya FRELIMO, lilimuua Padre Daniel Boormans, Mholanzi wa misheni ya Nangololo. Vita rasmi ya FRELIMO ilianza mwezi mmoja baadaye, tarehe 25 Septemba, kwa shambulio la Chai, si mbali kutoka hapo.

Tukio hilo lafaa litazamwe kwa macho ya kijeshi. Kumuua padre hakukumwondolea Mreno bunduki hata moja. Hakukuteka kituo chochote, wala hakukumfungulia mfungwa mlango. Kulimpa adui neno la kuuambia ulimwengu kwamba wapigania uhuru ni wauaji wa watu wa dini, na kuliwafanya Wareno waongeze doria katika sehemu ile ile ambayo wapiganaji wenye nidhamu walikuwa wakipenya kwa siri. Waliofanya kitendo hicho walidhani wanampiga mkoloni. Walimpiga mtu asiye na silaha, na hasara ikawarudia ndugu zao waliokuwa njiani.

Vile vile ni haki kusema kwamba Wareno ndio waliotangulia kuweka mtego huo. Serikali inayomfunga mtu wa dini katika nira ya utawala wake, ikamtaka awe mwalimu wa bendera yake, humnyima mtu huyo ngao pekee aliyokuwa nayo, yaani imani ya majirani kwamba yeye si wa upande wa bunduki.

WAGENI WA NAMNA NYINGINE

Uhuru wa Msumbiji ulipatikana mwaka 1975. Mwezi Julai mwaka huo serikali mpya ilitaifisha shule na hospitali zikiwamo za misheni, na kwa miaka kadhaa mambo kati ya serikali na makanisa yalikuwa magumu, hata Rais Samora Machel alipokutana na viongozi wa dini mwezi Desemba 1982 na hali ikaanza kulegea. Mapadre na masista waliendelea kuja, sasa wengi wao wakitoka Brazili, ambao Kireno kwao ni lugha ya mama. Mmoja wao, Luiz Fernando Lisboa wa shirika la Wapasionisti, alifika nchini humo mwaka 2001 na mwaka 2013 akawa Askofu wa Pemba.

Katika miaka hiyo hiyo pwani ilipata wageni wengine wa dini. Katika Mocímboa da Praia na vijiji vya jirani lilizuka kundi la vijana Waislamu waliojitenga na misikiti ya wazee wao. Walikuwamo wenyeji, na walikuwamo wageni na wahubiri waliotoka upande wa kaskazini wa pwani ya Afrika Mashariki. Walikataza watoto kwenda shule za serikali, walikataa kuitambua serikali yenyewe, na waliingia misikitini kwa namna iliyowachukiza waumini. Hapa kijana mgeni hakujifunza namna ya kuishi na wenyeji wake. Aliwafundisha watoto wao kuwadharau wazazi.

Basi nani aliyewatambua kwanza? Hawakuwa wapelelezi. Walikuwa ni masheikh na wazee wa misikiti wa pwani hiyo, pamoja na viongozi wa Baraza la Kiislamu la Msumbiji, ambao kabla ya mwaka 2017 walikwisha kuwaonya wakuu wa serikali kwamba kuna mafundisho mabaya yanayoenea. Waliweza kutofautisha mgeni na mgeni kwa sababu waliishi nao. Maonyo hayo hayakupewa uzito uliostahili. Tarehe 5 Oktoba 2017 kundi hilo lilivishambulia vituo vya polisi vya Mocímboa da Praia, na vita ikaanza.

Baada ya shambulio hilo kosa likageuka upande wa pili. Waliokuwa hawakusikia lolote sasa walimshuku kila mtu. Misikiti ilifungwa, na vijana wengi walikamatwa bila kuchaguliwa. Anayekamata kila mwenye kanzu humpa adui wake wanafunzi wapya, na humfunga mdomo mzee yule yule aliyekuja kutoa habari kwa hiari yake.

NANGOLOLO TENA

Vita ilipanda kutoka pwani kwenda uwandani. Mwezi Aprili 2020, katika Wiki Takatifu, misheni ya Nangololo ilivamiwa. Katika siku hizo hizo zaidi ya vijana hamsini waliuawa katika kijiji cha Xitaxi, wilayani Muidumbe, kwa kukataa kujiunga na wauaji. Kuanzia mwisho wa Oktoba mwaka huo wavamizi walirudi Muidumbe, na kanisa la Nangololo likaharibiwa. Kazi iliyoanzwa mwaka 1924 ikawa kuta zilizoungua.

Huko pwani, Mocímboa da Praia ilitekwa mwezi Agosti 2020. Masista wawili wa kigeni waliokuwa wakitumikia huko walichukuliwa mateka, wakaachiwa mwezi Septemba. Hawakuwa wamebaki mjini kwa kutojua hatari. Walibaki kwa kuwa watu waliowatumikia walikuwa bado wapo. Askofu Lisboa naye alisema hadharani juu ya mateso ya raia na ya waliokimbia makwao, ambao baadaye idadi yao ilikaribia milioni moja. Papa Fransisko alimpigia simu mwezi Agosti 2020 kumpa pole. Nyumbani wako waliomshutumu kwamba anaichafua nchi, na mwezi Februari 2021 alihamishiwa Brazili.

Moto huo ulivuka hata mto. Mwezi Oktoba 2020 wavamizi walishambulia kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara. Tarehe 24 Machi 2021 waliushambulia mji wa Palma. Mwezi Julai 2021 majeshi ya Rwanda yalifika, kisha yakafika majeshi ya nchi za SADC. Mocímboa da Praia ikakombolewa tarehe 8 Agosti mwaka huo. Askari wa Tanzania walikuwa Nangade pamoja na wale wa Lesotho. Jeshi la SADC lilimaliza muda wake mwezi Julai 2024. Hapo askari wetu mwenyewe alikuwa kijana mgeni aliyetumwa ng'ambo ya Ruvuma, na wanakijiji walimwuliza kimoyomoyo swali lile lile waliloulizwa Johnson na Boormans: umetumwa na nani, na ukiona jambo kwetu utampelekea nani habari? Tofauti yake na wengi waliomtangulia ni kwamba Kiswahili chake kiliweza kujibu bila mkalimani.

LINALOMPASA MWENYE SILAHA

Kutokana na historia hii tunaona mambo manne ambayo askari na polisi wanaweza kuyashika, wawe mpakani au mijini.

La kwanza, asimgeuze mtu wa dini kuwa jasusi. Padre, sista, mwalimu wa madrasa au kijana wa Kimormoni mwenye shati jeupe husikia mambo mengi, na ofisa huweza kushawishika kumtumia kwa siri. Faida yake ni ya siku chache. Siku jambo hilo litakapojulikana, na kijijini halikosi kujulikana, mtu huyo atakuwa amehukumiwa kifo pamoja na kila aliyeonekana akiingia nyumbani mwake. Johnson alifukuzwa kwa dhana tupu. Dhana ikiwa kweli itakuwaje?

La pili, amsikilize mzee anayekuja waziwazi. Huku si kinyume cha jambo la kwanza. Masheikh wa Mocímboa da Praia hawakulipwa wala kutumwa. Walikuja mchana kusema kwamba nyumba yao inaingia moto. Mtu kama huyo aandikiwe taarifa yake, ipelekwe kwa mkubwa, na alindwe. Akidharauliwa mara moja hatarudi mara ya pili.

La tatu, ajue sheria. Mapatano ya Geneva ya mwaka 1949, pamoja na Itifaki ya Pili ya mwaka 1977 inayohusu vita vya ndani ya nchi, yanamlinda raia asiyepigana, yanawalinda watumishi wa dini, na yanakataza uadui dhidi ya nyumba za ibada pamoja na kuzitumia kwa kusaidia vita. Agizo hilo la mwisho husahauliwa upesi. Kikosi kinachopiga kambi ndani ya kanisa au msikiti kwa sababu ya kuta zake nene kimelifanya jengo hilo kuwa shabaha, na kikiondoka huwaachia wenyeji hasara.

La nne, mgeni apokewe kwa utaratibu. Kijana wa dini anayefika mahali aonyeshe hati zake, ajulikane kwa mjumbe na kituoni, aambiwe njia zipi ni salama na zipi si salama. Kufanya hivyo mchana na kwa heshima si kumwonea. Humpa kibali cha kuonekana, na humwondolea polisi haja ya kumvizia. Lakini hati ni mwanzo tu. Mtu akitaka kujua mgeni ni wa namna gani, awaulize walioteka naye maji kisima kimoja: je, anajifunza lugha yetu? Je, huzika pamoja nasi? Je, watoto wetu warudipo kutoka kwake hutuheshimu zaidi au hutudharau?

Maswali hayo matatu yangalimwokoa Boormans, kwa maana miaka arobaini ya shule na zahanati ya Nangololo ilikuwa na majibu yake. Na maswali hayo hayo yangaliwafichua waliokuja Mocímboa da Praia kufundisha vijana kuchinja majirani. Majibu yote mawili yalikuwapo, midomoni mwa wenyeji. Kwa hiyo askari apelekwapo ugenini na ajifunze kwanza kusalimu kwa lugha ya watu wa pale, kisha akae na wazee wao awasikilize, kabla hajaamua ni nani rafiki na ni nani adui.